Plastiki Inayorudi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ana swali moja asilolisahau. Ukimpelekea kitambaa kipya cha pamba, kabla hajashika futi anakuuliza: "Umekilowesha?" Ukisema bado, anakikunja na kukurudishia mkononi. "Kakiloweshe kwanza, mdogo wangu. Hiki kitarudi."

Kitarudi, yaani kitapungua. Kule kiwandani kilivutwa, kikanyooshwa, kikabanwa, kikaonekana kirefu kuliko kilivyo. Siku kikionja maji kinakumbuka kilikotoka, na shati lako la mikono mirefu linakuwa la mdogo wako.

Nimelitanguliza neno hilo, ndugu msomaji, kwa sababu habari ninayotaka kukusimulia ni ya kitu kingine kinachorudi. Si kitambaa, ni plastiki. Na kazi yake ni kutengenezea mapambo ya mti wa Krismasi. Najua utacheka. Wenzangu katika kurasa hizi wanaandika habari za vita na wafalme, mimi nakuja na vinyota vya kuning'iniza! Subiri kidogo, usifunue ukurasa. Historia nyingine inalala kwenye vitu vidogo.

Mfuniko wa keki

Nyumbani kwetu mti wa Krismasi ulikuwa tawi la mvinje lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Theluji yake ilikuwa pamba, ileile ya kufungia vidonda. Puto tatu nne, kadi za miaka iliyopita zimefungwa kwa uzi, basi, sikukuu imefika.

Mwaka 2006, nikiwa darasa la tano, shangazi yangu aliyekuwa akiishi Marekani alikuja likizo. Katika mizigo yake alitoa kitu kidogo, upana wa kifuniko cha soda, kigumu kama kifungo cha koti. Ni nyota ya rangi ya bluu iliyokoza, ina tundu dogo juu na utepe umepita. Akaitundika kwenye mvinje wetu. "Kaitengeneza binamu yako," akasema, "kwa mfuniko wa boksi la keki. Alichora nyota kubwa kama sahani ya chai, akaiweka kwenye oveni, ikarudi ikawa hivi."

Mfuniko wa keki! Mfuniko niliokuwa nikiujua mimi ni mwembamba kama karatasi na ukiukalia unapasuka. Iweje uwekwe motoni utoke mdogo na mnene?

Basi nikajaribu. Nilikota mfuniko mweupe unaopitisha mwanga nyuma ya duka, nikakata nyota, nikachora kwa kalamu ya wino. Oveni hatukuwa nayo. Mama alikuwa akioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko wake, nami nikafanya vivyo hivyo. Kilichofuata ni moshi mweusi, harufu iliyofika nyumba ya tatu, na uji wa plastiki ulioganda kwenye sufuria la keki siku mbili kabla ya Krismasi. Nilichokipata kwa mama jioni ile sikiandiki hapa.

Tangu siku hiyo shangazi akapata jina. Kila mtu akisimulia jambo lisiloaminika pale nyumbani, tulikuwa tunamkatisha: "Ah, huo ni mfuniko wa keki." Maana yake: uongo huo. Tulilitumia neno hilo miaka na miaka, yeye akiwa mbali hana habari.

Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba shangazi alisema kweli tupu. Na nilipoanza kuufuatilia ukweli wake, njia ilinipeleka mbali.

Tufaha la kioo

Tuanzie kwenye mapambo yenyewe. Huko Ujerumani, katika milima ya Thuringia, kuna mji mdogo unaoitwa Lauscha. Kiwanda cha kioo kilianzishwa hapo mwaka 1597, na katika karne ya 19 mafundi wake wakaanza kupuliza mapambo ya mti wa Krismasi: matufaha, njugu na matufe ya kioo. Kazi ilifanyikia nyumbani. Baba anapuliza kioo kwenye ndimi za moto, mama anapitisha dawa ya fedha ndani ya tufe ili ling'ae, watoto nao wana sehemu yao. Ilikuwa kazi ya familia nzima.

Mwaka 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alishawishiwa anunue mapambo hayo kwa ajili ya duka lake la Lancaster, Pennsylvania. Mwenyewe alisimulia kwamba hakuyaamini. Alichukua ya dola 25 tu, kwa shingo upande. Yakaisha kwa siku mbili. Tangu hapo ikawa meli kwa meli, na Woolworth akawa tajiri wa maduka.

Kisha vita vikaingilia kati. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, njia ya bidhaa za Ujerumani ikazibika. Kampuni ya kioo ya Corning, huko Marekani, ilikuwa na mashine iliyobuniwa kutengeneza globu za taa kwa kasi kubwa. Ikaonekana kwamba mashine inayopuliza globu haiwezi kushindwa na tufe la Krismasi. Haikushindwa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na familia nzima usiku kucha ikawa inafanywa na chuma huku watu wamelala.

Wapulizaji wa Lauscha hawakuacha, mpaka leo wapo. Lakini kwa nyumba nyingi za Marekani pambo lilikuwa kitu cha kununua. Unaenda dukani, unalipa, unatundika.

Utomvu wa mti

Sasa tuiache Krismasi tuifuate plastiki. Mwaka 1839, mjini Berlin, mfamasia mmoja jina lake Eduard Simon alikuwa akichemsha utomvu wa mti, utomvu wenye harufu nzuri ambao tangu zamani watu waliuchoma kama ubani. Alipouchemsha na kuukinga mvuke wake akapata mafuta mepesi. Akayaacha. Baada ya muda mafuta yakaganda yakawa kitu kizito. Simon alidhani hewa imeyabadili. Kumbe alikuwa ameshika mkononi kitu tunachokiita leo polistirini, bila kukijua.

Kujua kulichukua miaka themanini. Mwaka 1920 Hermann Staudinger, naye Mjerumani, aliandika kwamba vitu vya namna hiyo ni molekuli ndogo zilizoshikana mikono, moja baada ya nyingine, zikawa mnyororo mrefu ajabu. Wakemia wenzake hawakumwelewa, wengine walimbeza. Molekuli ndefu namna hiyo? Huo nao ukawa mfuniko wa keki! Staudinger hakurudi nyuma. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Minyororo hiyo ndiyo siri yote ya nyota ya binamu yangu. Chukua sweta la zamani ulifumue. Uzi unaotoka haunyooki, umejikunjakunja. Uvute ncha mbili, unanyooka. Uachie, unarudi kujikunja. Minyororo ya polistirini ni hivyohivyo, ikiachiwa hujikunja.

Lakini polistirini isiyovutwa huvunjika upesi. Kwa hiyo viwandani, wanapotengeneza karatasi nyembamba za kufinyangia mifuniko na visahani vya chakula, huipasha moto ikalainika, wakaivuta kwa urefu na kwa upana, kisha wakaipoza ingali imeshikwa. Minyororo inaganda ikiwa imenyooshwa. Inakaa hivyo miaka, imetulia, ukiiangalia utadhani ndivyo ilivyozaliwa. Siku ikipata joto la kupita nyuzi 100 hivi, inafunguka. Kila mnyororo unajikunja kama zamani, na karatasi nzima inarudi: urefu unabaki kama theluthi moja, upana theluthi moja. Kwa kuwa hakuna kilichopotea, unene unaongezeka karibu mara tisa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sijui kama walikuwa wanaongea na plastiki, lakini imewasikia.

Akina mama wawili wa Brookfield

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 1973, katika mji wa Brookfield, jimbo la Wisconsin, karibu na Milwaukee, kulikuwa na akina mama wawili marafiki, Betty Morris na Kate Bloomberg. Watoto wao walikuwa skauti wadogo, na skauti wadogo lazima wapewe kazi ya mikono. Unajua ilivyo: wavulana kibao, jumamosi ndefu, na mama anayepaswa kuwatuliza. Wakawapa karatasi za polistirini, rangi na mikasi. Watoto wakachora, wakakata, vikaingia kwenye oveni.

Waliovutiwa hawakuwa watoto peke yao. Akina mama hao waliona kuna kitu hapa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wakapeleka karatasi zao kuziuza kwenye jumba la maduka la Brookfield Square, wakaziita Shrinky Dinks. Watu wakanunua. Biashara ya meza moja ikawa kampuni, na miaka iliyofuata makampuni makubwa ya vitu vya kuchezea yakaja kuomba ruhusa ya kuzitengeneza.

Sasa mtu atasema: walivumbua nini hasa? Polistirini hawakuivumbua. Kuvutwa kwake hawakukuvumbua, wala kurudi kwake. Kiwandani kurudi huko kulikuwa kero, maana mfuniko ukipata joto unaharibika. Sawa. Lakini walichokiona Betty na Kate ni kwamba kero ya kiwanda ni furaha ya jikoni. Maelfu ya watu waliishika plastiki hiyo kila siku, wakala keki, wakatupa mfuniko. Hao wawili wakaifanya kitu ambacho mtoto wa miaka sita anaweza kukipa jina lake.

Na hawakuwa peke yao duniani. Uingereza, miaka ya 1970 na 1980, watoto waliweka pakiti za krispi kwenye oveni zikarudi zikawa ndogo, wakatoboa na kutundika funguo. Japani mchezo huo unaitwa puraban, na watoto huko wanaujua kama sisi tunavyojua kutengeneza gari la waya. Mbinu moja, majiko mengi. Tofauti ni kwamba wale wawili waliiamini mbinu yao hata wakaiwekea bei.

Kwa mti wa Krismasi ilifaa mno. Kengele, nyota, malaika, jina la mtoto na mwaka. Lakini pambo ninalolipenda kuliko yote ni la mkono. Mzazi anaweka kiganja cha mtoto juu ya plastiki, anakizungushia kalamu, anakata, anachoma. Kinatoka kiganja kidogo ukubwa wa stempu mbili tatu, kimeandikwa umri. Mwakani mtoto amekua, mkono wake haulingani tena na ule wa mwanzo, lakini wa mwanzo bado unaning'inia palepale. Tufe la mashine linang'aa zaidi, sikatai. Ila halimkumbuki mtu.

Udongo uwahi ungali maji

Usije ukafanya nilivyofanya mimi mwaka 2006, kwa hiyo nikueleze inavyokwenda.

Kwanza plastiki. Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu ya mishale na namba ndani yake. Namba hizo zilianza kutumika Marekani mwaka 1988. Polistirini ni 6. Mfuniko niliouharibia sufuria la mama bila shaka ulikuwa wa namba nyingine, maana si kila plastiki inayopitisha mwanga inarudi. Nyingine inajikunja na kuwa nyeupe, nyingine inayeyuka tu. Na kuna karatasi maalumu zinazouzwa kwa kazi hii.

Pili vipimo. Chora kikubwa. Nyota ya sentimita 9 itatoka ya sentimita 3. Tundu la utepe litoboe kabla, kwa ile mashine ya kutobolea karatasi za faili, maana baadaye plastiki inakuwa ngumu. Tundu la milimita 6 litabaki milimita 2, uzi unapita. Usitoboe karibu mno na ukingo.

Tatu rangi. Ukitaka kutumia penseli za rangi, kwaruza kwanza upande mmoja kwa msasa laini, zishike. Na paka kwa wepesi. Rangi uliyoitandaza kwenye eneo kubwa itasongamana katika sehemu moja ya tisa, kwa hiyo waridi inakuwa nyekundu na bluu ya mbingu inakuwa bluu ya bahari usiku.

Mwisho moto. Oveni ya nyuzi 160 hivi, madirisha wazi, mtu mzima yupo. Nayo isikae hata dakika tano. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Plastiki ikianza kupata joto inajikunja kama jani linaloungua, pembe zinainuka, unadhani imeharibika. Ukiitoa hapo, imeharibika kweli. Ivumilie. Muda si mrefu itajikunjua yenyewe na kulala. Ndipo uitoe na kuikandamiza upesi kwa kitu bapa ingali moto. Udongo uwahi ungali maji. Baada ya nusu dakika huiwezi tena. Ikipitiliza moto hutoa moshi usiofaa kuvutwa, na makaa hayana adabu ya kupimika, kwa hiyo sufuria la mama liache.

Maabara isiyo na chumba

Unaweza kuniambia: sawa, bwana, mchezo mzuri, lakini ni mchezo tu. Hapo ndipo ninapokataa.

Mwaka 2006 huohuo, wakati mimi naunguza sufuria, mwanasayansi kijana aitwaye Michelle Khine alianza kazi katika Chuo Kikuu cha California, Merced. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga, kilifungua milango mwaka 2005. Utafiti wake ulihitaji vijifereji vyembamba kama unywele vya kupitishia matone ya maji au damu ili kuvipima. Kwa kawaida vitu hivyo hutengenezwa katika vyumba maalumu visivyo na vumbi, kwa mashine za gharama kubwa. Chumba hicho hakuwa nacho.

Akakumbuka plastiki aliyoichezea utotoni. Akachora mistari yake kwenye kompyuta, akaipiga chapa kwa printa ya leza juu ya karatasi ya Shrinky Dinks, akaiweka kwenye kioveni kidogo cha kuchomea mkate. Plastiki ikarudi. Mistari ikawa myembamba zaidi, na wino ukasongamana ukainuka kama matuta. Juu ya matuta hayo akamimina mpira laini. Ulipoganda na kubanduliwa, ukawa na vijifereji alivyovitaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la kisayansi Lab on a Chip. Jina la mchezo wa watoto limo kwenye kichwa cha makala yenyewe.

Mimi hili linanigusa. Kwa miaka zaidi ya thelathini jambo lilelile lilikuwa likitendeka jikoni, mbele ya akina mama na watoto, likaitwa kazi ya mikono. Lilipotendeka chuoni likaitwa uvumbuzi. Simwonei Khine wivu, yeye mwenyewe hakuficha alikolitoa. Ninalouliza ni sisi. Kwa nini tunapotamka neno mvumbuzi tunamwona mwanamume mwenye koti jeupe, wala hatumwoni mama mwenye kanga kiunoni anayeoka keki kwa makaa juu na chini bila kipimajoto, na keki isiungue?

Nisikudanganye pia kwamba vinyota hivi vitasafisha mji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, lakini mifuniko migumu bado naiona mtaroni kila mvua ikinyesha. Nyota moja haipunguzi mtaro. Na anayenunua karatasi mpya za plastiki ili atengeneze pambo hajaokoa kitu. Thamani ya jambo hili haiko huko.

Iko kwenye mikono. Wewe unayesoma kurasa hizi pengine unaandika, na pengine unasubiri: upate taipureta, upate kompyuta, upate chumba chako peke yako, upate mtu wa kukuambia kwamba unachokijua kinatosha kuitwa maarifa. Khine hakuwa na chumba. Betty na Kate walikuwa na oveni na kundi la wavulana wenye kelele. Anza na ulichonacho.

Desemba iliyopita nilipata mfuniko wenye namba 6. Nikakata nyota, nikaenda kwa jirani mwenye oveni. Nilisimama mbele ya kioo chake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ilijikunja, nikasema basi, imekwisha. Kisha ikalala. Nikampelekea mama. Aliishika, akaigonga kwa ukucha, akaenda kwenye kabati la vyombo akatoa ile ya bluu ya mwaka 2006. Kumbe aliitunza muda wote. Akaziweka pamoja kiganjani.

"Kumbe wifi hakutudanganya," akasema.

Nilimpigia shangazi usiku ule, nikamwamkia, nikamweleza habari ya jina tulilompa, nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama mama ameshanunua sufuria jingine.